Kutoka "Aliiba" hadi "Huiba": Daftari la Polisi na Kuzaliwa kwa Mhalifu Sugu

Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufunzwa mapema kwamba kiambishi hu- cha mazoea kina tabia mbili zisizo za kawaida. Kwanza, hakifungamani na wakati mahususi: si jana, si leo, si kesho. Pili, hakikubali kiambishi cha nafsi. Mimi hulima, wewe hulima, wao hulima; kitenzi kinabaki vile vile, na mtendaji ameachwa nje ya mlango wa kitenzi. Tofauti iliyopo baina ya "aliiba" na "huiba" basi si ya wakati peke yake. "Aliiba" ni habari ya tukio. Tukio hilo lina siku yake na mahali pake, na mshtakiwa aweza kulikanusha kwa kuonyesha kwamba siku hiyo alikuwa kwingineko. "Huiba" ni habari ya mtu. Anayeambiwa hivyo hana siku ya kuitaja katika kujitetea, kwa kuwa mshtaki naye hakutaja siku yoyote.

Makala haya yanadai kwamba safari hiyo fupi ya kisarufi, kutoka "aliiba" hadi "huiba", ndiyo iliyokuwa kazi kuu ya madaftari ya polisi katika miongo iliyotangulia Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba ilitekelezwa na makarani kabla haijatekelezwa na mahakimu. Aidha yanadai kwamba Kiswahili cha magazeti na vituo vya redio nchini Kenya kimeurithi uamuzi huo wa makarani bila kuuhoji, kila kinapotumia maneno "mhalifu sugu". Huenda msomaji akauliza: yana uhusiano gani madaftari ya polisi wa Uingereza na jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba daftari ni matini. Lina mwandishi, lina mtindo, lina mhusika mkuu, na lina wasomaji ambao hulisoma vizuri au vibaya. Panapokuwa na matini na usomaji mbaya, mwanafunzi wa fasihi hana haja ya kuomba ruhusa ya kuingia.

Mwanzo wa jambo hili ni tatizo halisi, na si haki kulidharau. Uingereza ilipokoma kuwasafirisha wafungwa wake hadi Australia, safari za mwisho zikiwa za miaka ya 1860, ilijikuta na maelfu ya watu waliotoka magerezani na kurudi katika miji mikubwa. Mtu aliyefungwa Liverpool kwa jina moja aliweza kukamatwa London kwa jina jingine, akahukumiwa kama kwamba hajawahi kukosea. Bunge likapitisha sheria mwaka wa 1869 iliyoagiza kuwekwa kwa daftari la watu waliopatikana na hatia, na nyingine mwaka wa 1871 iliyoruhusu wafungwa wapigwe picha. Jina la sheria ile ya 1869 lilimtaja waziwazi mhalifu wa mazoea. Hapa ndipo hu- ilipoingia katika kitabu cha sheria.

Daftari lilipangwa kwa mfuatano wa alfabeti, kwa majina. Kasoro yake haihitaji kuelezwa kwa kirefu: lilimtafuta mtu aliyebadilisha jina kwa kutumia jina. Picha nazo zilirundikana hadi zikawa mzigo, maana hakuna njia ya kupanga nyuso kwa alfabeti. Likatungwa daftari la pili, la alama za mwili, lililopangwa kwa viungo: makovu ya usoni, chale za mkononi, kidole kilichokatika, goti lililopinda. Wahenga wa pwani walinena kwamba aliye na kovu usidhani kapoa, wakikusudia kuwaonya watu wasilipuuze jeraha la zamani la mwenzao. Makarani wa London waliichukua hekima kama hiyo na kuigeuza mbinu ya kazi. Kovu likawa anwani.

Jijini Paris, karani mmoja wa makao makuu ya polisi, Alphonse Bertillon, aliona kwamba mwili mzima waweza kugeuzwa anwani. Kuanzia 1882 alijaribu mfumo wa vipimo 11: urefu wa kichwa na upana wake, urefu wa mwili, kidole cha kati cha mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, dhiraa, sikio la kulia, na kadhalika. Kila kipimo kiligawanywa katika makundi matatu, yaani kidogo, cha kadiri na kikubwa, hata kadi za watu maelfu zikaweza kupunguzwa kwa hatua chache na kubaki kadi za kushikwa kwa mkono mmoja. Mwezi wa Februari 1883 alimtambua mkosaji wake wa kwanza aliyekuwa amejipa jina la uongo. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu kidogo hapa. Waswahili walipima kitambaa kwa shubiri, dhiraa na pima, yaani waliutumia mwili kupima kitu. Bertillon alikifanya kitu, tepe na koleo la chuma, kipime mwili, kisha akauhifadhi mwili huo ndani ya kabati.

Mfumo wa Bertillon ulienea hadi Marekani na kwingineko, lakini ulidai mikono stadi na subira. Makarani wawili wakimpima mtu mmoja, mmoja akikaza koleo na mwingine akililegeza, walizaa watu wawili. Suluhisho lilitoka katika makoloni, na jambo hili lapaswa kutajwa kwa sauti, maana hadithi za upelelezi za Ulaya aghalabu hulipita kimya. Katika Bengal mwaka wa 1858, William Herschel, afisa wa serikali ya kikoloni, alimtaka mkandarasi mmoja aitwaye Rajyadhar Konai atie alama ya kiganja chake katika mkataba wa vifaa vya barabara. Hakukuwa na uhalifu wowote hapo. Palikuwa na shaka ya mtawala kwamba mtawaliwa ataruka ahadi yake. Francis Galton alichapisha kitabu chake kuhusu alama za vidole mwaka wa 1892. Hatimaye Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, akapata njia ya kuzipanga, kwa msaada mkubwa wa maafisa wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Vidole 10 viligawanywa jozi 5. Kila jozi ilipewa thamani yake pale palipokuwa na mistari inayozunguka kama maji ya kimbunga. Hesabu ikajumlishwa, na mtu akapata nafasi yake katika mojawapo ya visanduku 1,024. Hesabu yenyewe, kwa ushahidi uliopo, ilikuwa kazi ya Haque zaidi kuliko ya Henry. Mfumo hata hivyo hadi leo hujulikana kwa jina la Henry.

Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka wa 1897, na ya Scotland Yard ikafuata mwezi wa Julai 1901, miaka minne baadaye. Mwaka wa 1902 mwizi wa nyumba, Harry Jackson, alifungwa London kwa sababu ya alama ya kidole aliyoiacha kwenye rangi mbichi ya dirisha. Mwaka wa 1905 ndugu wawili wa ukoo wa Stratton walinyongwa kwa mauaji ya mzee na mkewe huko Deptford. Alama ya kidole gumba kwenye sanduku la fedha ilikuwa nguzo ya kesi. Umma ulishangilia. Hata hivyo Arthur Conan Doyle, aliyekuwa na pua ya kunusa mambo ya wakati wake, alikuwa ameshachapisha mwaka wa 1903 kisa cha Sherlock Holmes ambamo alama ya kidole gumba ukutani ni ya kughushi. Mtunzi wa hadithi aliona mapema kwamba ushahidi usiosema uongo waweza kusemewa uongo.

Hadi hapo, swali lililojibiwa na kadi ni moja tu: huyu ni nani? Ni swali la haki. Jamii inayofunga watu ina wajibu wa kujua inamfunga nani, na asiyekuwa mkosaji ndiye anayefaidika zaidi na jibu sahihi. Kosa linaanza pale kadi ile ile inapoulizwa swali la pili: huyu ni mtu wa namna gani? Hakuna kisa kinachoonyesha mpaka baina ya maswali hayo mawili kama kisa cha Adolf Beck.

Beck alikuwa Mnorwe aliyeishi London. Mwezi wa Desemba 1895 mwanamke mmoja alimsimamisha katika barabara ya Victoria na kumshutumu kwamba alimlaghai saa na pete zake. Polisi walikuwa wakimtafuta tapeli mwenye mtindo mmoja: hujifanya bwana mkubwa wa ukoo wa kifahari, humwambia mwanamke kwamba anatafuta msimamizi wa nyumba yake, humwandikia orodha ya nguo za kununua pamoja na hundi ya bandia, kisha huondoka na vito vyake akisema anakwenda kumtafutia pete ya kipimo chake. Katika majalada palikuwa na mtu aliyefungwa mwaka wa 1877 kwa mtindo uo huo, aliyejiita John Smith. Askari aliyemkamata Smith miaka 18 kabla aliitwa, akamtazama Beck, akaapa kwamba ndiye. Mtaalamu wa miandiko akasema hati za 1877 na za sasa zimetoka katika mkono mmoja. Kwa hakika hati hizo zilitoka katika mkono mmoja. Ila mkono huo haukuwa wa Beck.

Beck alikuwa na hoja moja nzito: mwaka wa 1877 alikuwa Amerika ya Kusini. Lakini upande wa mashtaka ulimshtaki kwa makosa ya 1895 tu, na hakimu akakataa kusikiliza habari za 1877 kwa kuwa, kisheria, hazikuwa mbele ya baraza. Yaani daftari lilimwingiza Beck mahakamani, kisha likazuiliwa lisiingie naye ili apate kulihoji. Mwaka wa 1896 akahukumiwa miaka 7. Gerezani alipewa nambari ya zamani ya Smith, D523, ikaongezwa herufi W kuonyesha kwamba ni mfungwa aliyerudi. Mtu ambaye hakuwahi kufungwa "alirudi" gerezani.

Mwaka wa 1898 wakili wake alifaulu kulipata jalada la Smith. Ndani yake, tangu siku za kifungo cha kwanza, mlikuwa mmeandikwa kwamba Smith alikuwa Myahudi na alikuwa ametahiriwa. Beck hakuwa ametahiriwa. Jambo ambalo ngariba yeyote wa Afrika Mashariki angelimaliza kwa kutupa jicho mara moja lilikuwa limelala kwenye karatasi kwa miaka 19. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikubali kwamba Beck si Smith. Ikambadilishia nambari. Haikumwachilia. Alitoka mwaka wa 1901 kwa masharti, akakamatwa tena mwezi wa Aprili 1904 kwa madai yale yale, akapatikana na hatia kwa mara ya pili, na kuokolewa na bahati tu: alipokuwa rumande akingoja hukumu, tapeli halisi alikamatwa akiendelea na kazi yake. Beck alisamehewa mwezi wa Julai 1904, kana kwamba kuna kosa la kusamehewa, na fidia yake ikapandishwa kutoka pauni 2,000 hadi 5,000 baada ya umma kulalamika. Tume ya uchunguzi iliundwa, na kashfa hiyo ilichangia pakubwa kuundwa kwa mahakama ya rufani ya jinai mwaka wa 1907. Beck alifariki mwaka wa 1909.

Wanahistoria wengi hukichukulia kisa hiki kuwa hoja ya kuongeza rekodi: laiti vidole vya Smith vingalichukuliwa mwaka wa 1877, Beck asingalifungwa. Hoja hiyo ni kweli, na bado haitoshi. Rekodi ilikuwapo. Ilikuwa sahihi. Ilisema mwilini mwa Smith mna alama ambayo mwilini mwa Beck haimo, na alama hiyo haifutiki wala haiigizwi. Kilichokosekana ni msomaji. Waliolishika jalada walikuwa wameshajibu swali la pili, kwamba Beck ni mtu wa namna ile, na kwa hivyo hawakuona haja ya kurudi kwenye swali la kwanza. "Huiba" ilikuwa imeimeza "aliiba".

Sheria ilifuata mkondo huo huo. Mwaka wa 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosema kwamba mtu aliyepatikana na hatia mara 3 tangu kutimiza miaka 16, na anayeishi maisha ya udanganyifu au ya uhalifu bila kukoma, aweza kutangazwa mhalifu wa mazoea, na juu ya kifungo cha kosa lake akaongezewa kizuizi cha miaka 5 hadi 10. Kizuizi hicho hakikuwa adhabu ya kosa alilotenda. Kilikuwa kinga dhidi ya makosa ambayo hajayatenda. Ushahidi wa msingi ulikuwa kadi. Gereza maalumu, Camp Hill, lilifunguliwa katika kisiwa cha Wight mwaka wa 1912.

Walioangukia wavu huo ni akina nani? Aliyejulikana zaidi ni David Davies, mzee aliyeitwa na magazeti "mchungaji wa Dartmoor" kwa kuwa alichunga kondoo wa gereza hilo. Alikuwa amevunja kisanduku cha sadaka kanisani na kuchukua shilingi 2. Kwa shilingi hizo alihukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu na 10 ya kizuizi, kwa sababu jalada lake lilikuwa refu. Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alimzuru gerezani mwaka wa 1910, akashtuka, akamwachilia mapema 1911 ili akafanye kazi shambani. Mzee alikaa shambani siku chache tu, akatoweka, na baadaye akakamatwa tena kwa wizi. Wapinzani wa Churchill walicheka sana. Hapana sababu ya mtetezi wa haki kukificha kicheko hicho. Davies aliiba, akaiba tena, akaiba tena. Lakini swali la sheria halikuwa kama ataiba tena. Lilikuwa kama shilingi 2 ni miaka 13. Jibu la swali hilo halimo katika kadi hata kadi ikiwa na urefu wa mkeka. Waswahili husema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Sheria ya 1908 iliigeuza methali: aliyeiba jana ndiye anayeiba leo, na kesho pia.

Katika enzi hiyo hiyo kulikuwa na mbinu nyingine ambayo mwanafunzi wa fasihi hawezi kuipita. L. W. Atcherley, mkuu wa polisi wa West Riding katika Yorkshire, alibuni njia ya kuwaweka wahalifu katika rekodi kwa mtindo wao wa kazi badala ya miili yao. Kila tukio liliandikwa chini ya vichwa 10: aina ya mali au mahali, njia ya kuingilia, vifaa, shabaha, wakati, namna, hadithi, wenzake, usafiri, na alama yake ya pekee. Kichwa cha saba kinastahili kusomwa mara mbili. Karani alitakiwa kuandika hadithi ambayo mhalifu aliwasimulia watu kuhusu nafsi yake: kwamba alijiita fundi wa mifereji, au wakala wa bima, au bwana mkubwa anayetafuta msimamizi wa nyumba. Alama ya pekee ilikuwa lile jambo dogo asiloweza kuliacha, kama kula chakula cha wenye nyumba kabla ya kuondoka. Huu ni uhakiki wa mtindo, si kitu kingine. Mhakiki anayesema shairi fulani ni la mtunzi fulani kwa sababu ya mizani yake na msamiati wake anafanya kazi ya Atcherley. Wanaohusika na mijadala ya umiliki wa tungo za kale za Kiswahili wanaijua hatari yake pia: mtindo huigwa. Mashahidi wa 1896 walisikia hadithi ya 1877 ikisimuliwa upya, wakadhani kila mwenye sharubu aliyepita njiani ndiye msimulizi.

Ni lazima sasa kurudi nyumbani, maana alama za vidole hazikubaki Calcutta na London. Nchini Uingereza vidole vilichukuliwa vya watu waliokuwa mikononi mwa polisi na magereza. Nchini India, sheria ya 1871 ilikuwa imeshaandikisha jamii nzima nzima kuwa ni za kihalifu kwa kuzaliwa, na sheria ya 1911 ikaongeza uwezo wa kuchukua vidole vyao. Watu hao walibeba jina hilo hadi baada ya uhuru wa India, likafutwa rasmi mwaka wa 1952. Katika himaya ya Afrika Mashariki, sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba hati yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya mkebe wa chuma ulioning'inizwa shingoni. Hakuwa ameshtakiwa kwa lolote. Nia haikuwa kumtafuta mwizi; ilikuwa kumzuia kibarua asitoroke shamba la mlowezi. Harry Thuku na wenzake walipinga jambo hilo pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, na kukamatwa kwake mwezi wa Machi 1922 kulizaa mauaji ya waandamanaji jijini Nairobi. Mfumo huo haukuondolewa hadi 1947.

Wananchi waliipa hati hiyo jina: kipande. Ni jina la kufikirisha. Kiswahili kilikataa kuiita cheti au barua, maneno yenye heshima yake. Kiliita kipande, sehemu iliyokatwa kutoka kitu kizima. Hata leo mzee atamwomba kijana wake amletee "kipande" akimaanisha kitambulisho cha taifa. Hapa lugha ilisoma kadi ya polisi kwa makini kuliko walivyoisoma majaji wa Beck: ilitambua kwamba kilichoandikwa si mtu, bali ni kipande chake.

Ndiyo maana inasikitisha kwamba lugha hiyo hiyo imelegea mahali pengine. Neno sugu, katika maana yake ya asili, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: sugu ya mshika jembe, sugu ya mpiga makasia, sugu ya paji la uso la mwenye kusujudu. Ni alama ya kazi na ya ibada. Kuna kinaya hapa ambacho wapanga kadi walikijua vyema: mkono uliosuguliwa na kazi nzito mistari yake hufifia, na vidole vya vibarua ndivyo vilivyokuwa vigumu kusomeka. Neno hilo sasa limekwama kwenye uhalifu. Taarifa za habari husoma kwamba polisi wamemuua kwa risasi "mhalifu sugu aliyekuwa akisakwa", na msikilizaji haulizi alihukumiwa na mahakama gani, lini, kwa kosa lipi. Kivumishi kimeshafanya kazi ya jalada, na jalada limeshafanya kazi ya hakimu. Mara nyingine jina la marehemu hujulikana baadaye kuliko usugu wake.

Pengine itajibiwa kwamba mwanahabari hutumia neno alilopewa na msemaji wa polisi, na kwamba mhariri hana nafasi ya kufanya uchunguzi. Jibu hilo lingekubalika kama maneno yangekuwa mali ya polisi. Wanaowafunza wanahabari hao Kiswahili wamo katika idara zetu za vyuo vikuu; wanaoandika kamusi na kusanifisha istilahi wamo humo pia. Wanafunzi wanaohitimu katika idara hizo hizo hupanga foleni kuchukuliwa vidole vyote 10 ili wapate cheti cha maadili mema kabla ya kuajiriwa, na cheti hicho nacho kina jina linalodai makubwa: kinachoweza kuthibitishwa na kabati la polisi ni kwamba mtu hana hukumu iliyoandikwa, si kwamba maadili yake ni mema. Adolf Beck, mtu asiye na kosa, asingelikipata kati ya 1896 na 1904. John Smith, kabla ya 1877, angelikipata bila tabu.

Pendekezo la makala haya ni dogo. Mahali pa "mhalifu sugu", pawekwe hesabu na tarehe kwa kitenzi cha -li-: mtu huyu alipatikana na hatia mara mbili, mwaka huu na mwaka ule, kwa makosa haya na haya. Pale ambapo hakuna hukumu, isemwe kwamba alishukiwa, na nani alimshuku. Sentensi itarefuka kwa maneno kumi au kumi na mawili, na ukurasa wa gazeti unayo nafasi hiyo.